Nyoka Asiye na Kichwa

Je, ile picha ilikuwa na alama mgongoni mwa nyoka, au ni mimi niliyezitia baadaye akilini, kwa hasira? Shaka hiyo ilininyima usingizi kwa miezi.

Shangazi yangu aling'atwa mguuni akivuna mpunga kwenye machamba, shamba letu la upande wa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji. Jirani yetu, mnunuzi wa nazi, alimuua nyoka kwa mchi, akamponda kichwa mpaka kikawa uji, kisha akakichoma. Kwetu ndivyo ifanywavyo: kichwa kikibaki kizima, mwenzake atakuja kulipa kisasi. Baada ya hapo ndipo alipokumbuka kunipigia picha.

Nilikuwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na digrii yangu mpya ya baiolojia, iliyofanya nyumbani waniite Dotora. Picha niliyopokea ilionyesha kiwiliwili kilichojaa matope. Kichwa, ambacho kingenisaidia, kilikuwa majivu. Niliikuza picha, nikaipunguza, nikafungua vitabu, saa nzima. Mwishowe nikaandika: "Sijui."

"Dotora hajui!" jirani akawatangazia watu. "Mie nimekua na nyoka hawa. Huyu anakula mayai tu."

Akamfunga shangazi majani. Alipofikishwa hospitali siku ya tatu, mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Walikata vidole viwili.

Niliporudi nyumbani nilimwamkia jirani kila asubuhi, "Shikamoo, mjomba," na kila shikamoo nilitamani iwe jiwe.

Alasiri moja simu ikalia. Picha kutoka kwake. Nyoka hai, kajikunja nyuma ya mtungi jikoni: mnene, mfupi, kichwa kipana, alama zilizopindana mgongo mzima. Bafe. Safari hii sikuhitaji kitabu.

"Dotora, huyu anauma? Mama watoto anaogopa kuingia kupika."

Shangazi alichungulia simu, akanyoosha mguu wake wenye vidole vitatu. "Mjibu anakula mayai tu."

Hakuwa akitania. Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Sitadanganya: maneno yale yalikuwa matamu kuyatazama. Kisha nikamwona, akilini, mkewe akiinama kuteka maji mtungini. Nikalikumbuka na lile "Sijui" langu. Siku ile ningeweza kuongeza: mpelekeni hospitali sasa hivi, jina la nyoka si dawa. Sikuongeza, kwa sababu niliona aibu kutojua. Hiyo ndiyo sehemu yangu katika vidole vile, na simsingizii mtu.

Nikayafuta kabla ya kuyatuma. Nikaiweka picha yake kwenye kundi la mtaa mzima, nikarekodi sauti.

"Huyu ni bafe, ana sumu kali. Mjomba, toa watu wote, kaeni mbali, na mchi uuache chini. Akimng'ata mtu, hospitali papo hapo, msingoje nimtambue. Na yule wa shangazi hukumjua, mjomba. Mie nilisema sijui. Wewe ulisema unajua."

"Taja na vidole," shangazi akasema.

Nikataja vidole, viwili. Nikatuma. Kisha nikavaa buti, nikaenda kusimama mlangoni pa jiko lake, mtu asipite.