Kikopo cha Kwapani

Daktari alinionya nisiache manii yapoe njiani. Nikakibana kikopo kwapani, ndani ya shati, nikatoka mbio kuelekea maabara ya karibu na Ngome. Mbio gani, Mji wa Kale? Kila baraza lina mtu, na kila mtu ana salamu. Subalkheri, u hali gani, nyumbani hawajambo, na mguu wa mama je? Ukipita kimya, adhuhuri haifiki mji mzima ushakusema. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, akanishika mkono uleule wa kikopo. "Na mtoto je? Bado tu?" Wallahi nilitamani kumtukana. Nikasema, "Inshallah, ami," huku jasho likinitiririka.

Mke wangu alikuwa ameshakunywa kila mzizi aliopewa na mamangu. Alifukizwa, akakandwa tumbo mpaka akalia. Sasa mama alikuwa akitaja talaka waziwazi, hata tukiwa tunakula.

Majibu yalipotoka, daktari alizungumza akiitazama meza. Manii yalikuwa na bakteria na usaha. Mbegu zimedhoofika, na huenda mirija imeziba kwa makovu. "Hukuwahi kuungua ukikojoa?" Niliwahi, zamani, nikiendesha lori Shimanzi. Nilidhani ni joto la injini. Madereva wote tulikuwa na dawa yetu moja, madafu. Moto ukipoa, tunacheka. Kumbe wadudu walikuwa wamekaa kimya tu, wakila. Akaniandikia dawa ya kumeza mimi na mke wangu pamoja, ila makovu, alisema, hayamezewi dawa. Nilitoka pale na hofu ambayo sijawahi kuijua.

Nilimkuta mama jikoni akikuna nazi. "Mama, si yeye. Ni mimi."

Akaacha kukuna. "Umemwambia nani?"

"Hajui mtu."

"Basi na asijue! Wewe ni mwanamume, utatembeaje mji huu? Mpe talaka yake aende kwao. Watasema ni yeye, watachoka. Mwanamke huzoea."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Nizoee nini?" aliuliza, akinitazama mimi, si mama.

Hasira zikanipanda kichwani. Nikapiga kelele mpaka koo likaniuma: "Mgumba ni mimi! Mimi!"

Ng'ambo ya kichochoro, jirani akazima redio yake.