Kipimo Kilichodanganywa na Upepo

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee, kule Seven Hills, huku ng'ambo tulikohamia, msimamizi wa usafi alinionyesha mstari mwekundu sakafuni. "Huku uchafu, huku usafi," akasema. "Ukivuka bila kunawa, nakurudisha kwako." Mafunzo yakaishia hapo. Shule mwenyewe niliishia darasa la tatu, Kasulu, kwa hiyo sikulalamika. Shuka za mgonjwa wa kuambukiza zilikuja ndani ya mfuko unaoyeyuka, yaani unautupa mashineni mzima mzima bila kuufungua, maji ya moto yanaula. Nilikuwa naugusa kama mtu anavyogusa nyoka aliyelala.

Korona ilipoingia, binti yangu, ambaye ni muuguzi, akanikataza treni. "Baba, kule watu wanapumuliana." Basi nikanunua baiskeli. Baiskeli naijua, ujanani nimebeba madumu ya mawese kwenye milima, na siku moja breki zilikatika nikaingia na mzigo wote ndani ya shamba la padri, lakini hiyo tuiache. Kwetu baridi ipo, ila si hii ya Julai, saa kumi na moja alfajiri, kutoka Merrylands, barafu nyembamba juu ya majani na vidole havijui kama vimeshika breki. Nilivaa soksi juu ya glavu. Niliogopa malori. Niliogopa polisi, maana mwaka wa pili mtaa wetu ulifungwa na kutoka ni kwa karatasi ya ruhusa. Yangu niliiweka kifuani ndani ya mfuko wa mkate. Zaidi ya yote niliogopa kukohoa mbele ya watu.

Mlangoni pa kazini alisimama Sista Wambui, muuguzi Mkenya, na kile kipimo cha joto anachokuelekezea kwenye paji la uso kama bastola.

"Mzee, mashine inasema huna joto hata kidogo. Ulikufa lini?"

"Jana, Sista. Nimepita kuaga tu."

"Kaa hapo kwa hita dakika kumi nikupime tena. Upepo wa baiskeli unadanganya hii kitu."

Ndivyo tulivyofanya kila asubuhi, na ndivyo nilivyojifunza kwamba uso wa baridi unaficha homa.

Asubuhi moja ya Agosti niliamka mgongo unauma, koo limekauka, natetemeka ndani ya blanketi mbili. Sisemi nilishuku. Nilijua. Lakini wenzangu wawili wa kufulia walikuwa wametengwa makwao, nimebaki peke yangu, nina miaka sitini na tatu, na niliogopa wakiniambia nipumzike watagundua wanaweza kuendelea bila mimi. Nikapanda baiskeli. Na shali ninayojifunikia uso njiani, Mungu anisamehe, niliiacha nyumbani makusudi. Uso niliuacha wazi upigwe na upepo.

Siku hiyo Sista alikuwa amezidiwa, simu inalia na mlango wa ndani unagongwa. Akapima: thelathini na tano na nusu. "Ingia, mzee, ingia. Leo sina taimu ya hita."

Nikaingia. Nikavaa barakoa mpya na glavu, nikasukuma toroli la nguo safi. Chumba cha kwanza ni cha bibi mmoja mshonaji wa zamani, miaka tisini na kitu, ambaye kila siku hupokea sweta lake mwenyewe ili akague vifungo. Akanyoosha mkono.

"Lete basi," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Unaniacha na baridi."

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Niliutazama ule mkono, mfupa na ngozi, nikaziona kichwani shuka zake ndani ya mfuko unaoyeyuka. Nikaliacha toroli palepale.

"Leo una adabu mbaya," akaniambia nikirudi nyuma kuelekea mlangoni kwa Sista.

"Sista, nipime tena."

"Si nimekupima?"

"Umepima upepo."

Akapima. Thelathini na nane na nusu. Akarudi nyuma hatua mbili. "Toka nje, mzee. Usiguse kitu. Toka."

Nilirudi kwa baiskeli ileile, maana nani angenipakia. Karibu na Toongabbie nilishuka nikaishikilia kama fimbo. Majibu yalikuja: ugonjwa ninao. Upande ule wa jengo ukafungwa. Mke wangu akawa ananiwekea uji mlangoni, na mimi kila siku nampigia Sista. "Bibi je?" Anajibu, "Bado majibu, mzee." Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na vita nimeviona. Siku ya kumi na mbili akasema, "Wote wako sawa. Bibi yako anateta kifungo kimelegea." Nililia na simu sikioni.

Kwenye fomu Sista aliandika kwamba dalili zilinianza nikiwa kazini. Sikumsahihisha.

Nilipostaafu walileta keki. Meneja wa jengo akasimama akasema huyu ndiye aliyejirudisha mwenyewe mlangoni, watu wakapiga makofi. Nikasema, "Niliamka mgonjwa. Nilijua. Uso niliuacha wazi makusudi." Makofi yakakoma.

"Si ungekula keki kwanza, mzee," Sista akaninong'oneza. Hakucheka.

Meneja akauliza kwa nini nasema leo. Nikamjibu: kwa sababu leo hamwezi tena kunifukuza.

Jibu hilo sijivunii. Nimeliandika kwa ajili yenu ambao bado mnaweza kufukuzwa. Asubuhi ile niliogopa kuachishwa kazi kuliko nilivyoogopa kuua mtu, mpaka nilipouona mkono wake.