Soseji za Kopo

Wakati wa Wajerumani nilisoma shule ya serikali Morogoro, tukiandaliwa kuwa makarani. Mimi nilitoka juu milimani, Uluguru, na darasani sikuwa na mtu ila mwenzangu mmoja, Mwislamu kama mimi, mzaliwa wa mjini. Mjomba wake alikuwa mpishi wa Mzungu wa reli, na kila Ijumaa alimpa mpwa wake huyo kopo la soseji.

"Nyama ya ng'ombe hii?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Ng'ombe, ndugu yangu. Mjomba angenipa nini kingine?"

Tukawa tunazila kwa ugali wa mtama, tumejificha kwenye migomba kando ya mto ili wenzetu wasituombe. Zilikuwa laini, zenye chumvi na harufu ya moshi. Haukupita muda, maharage ya bweni yakawa hayanipiti kooni.

Mwenzangu aliniacha mbali kwa Kijerumani. Mimi nilikuwa bado nasoma kwa kukokota herufi. Asubuhi moja mwalimu aliandika ubaoni majina ya wanyama, na kando ya kila jina akachora picha. Ng'ombe, mbuzi, farasi. La nne lilikuwa Schwein, na aliyechorwa alikuwa nguruwe. Neno lile nililijua kwa macho. Lilikuwa kwenye karatasi ya kopo.

Nilimgeukia mwenzangu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Tulipotoka nikamshika mkono. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kopo la kwanza. Nilizipenda, ndugu yangu, nikaogopa kula peke yangu."

Sikumpiga. Nilikwenda mtoni nikasukutua mpaka fizi zikauma. Kwamba asiyejua hana dhambi, hilo nililifahamu. Kilichonichoma ni kwamba kila tulipokula yeye ndiye aliyetangulia kusema bismillahi, tena kwa sauti.

Likizo nilipanda nyumbani nikamweleza mama. Alinisikiliza huku akimenya magimbi.

"Umemsema kwa mtu?"

"Hapana, mama."

"Usimseme. Lakini usile naye tena."

Nilimtii. Miaka ikapita, yeye akawa karani wa stesheni, mimi wa bomani. Tulipokutana barabarani alinipa mkono, nami nikaupokea. Alipooa alinialika mwenyewe. Siku ya karamu nilivaa kanzu safi, kisha nikakaa barazani kwangu mpaka jioni.