Dawa ya Mbuzi Niliyompaka Naserian

Mwanangu, kabla hujashuka Karatu kupuliza dawa kwenye mashamba ya vitunguu, keti kidogo. Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo ni lazima uijue.

Nilikuwa na umri kama wako, hapahapa Endulen. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, najua kusoma, basi nikajiona najua kila kitu. Mbuzi wetu walishikwa na upele. Nikawaogesha kwa dawa ya kupe, wakapona, na baba akanisifu mbele ya wazee. Sifa ile ilinilevya.

Haukupita muda, mdogo wangu Naserian, wa miaka sita, naye akatoka upele. Alijikuna mpaka ngozi ikachubuka. Asubuhi hiyo mama alikwenda kuchota maji. Nikamwita mtoto, nikampaka dawa ileile mwili mzima, na kwa kuwa nilitaka apone upesi, nikaizidisha. Niliwaza: mbuzi hawakudhurika, yeye atadhurikaje?

Mama aliporudi, mate yalikuwa yanamchuruzika Naserian. Akatapika, jasho likamtoka, pumzi zikawa za kukoroma. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, mama akitufuata huku analia.

Muuguzi, mama wa Kichaga wa makamo, akaniuliza, "Amekula nini huyu?"

"Maziwa tu," nikasema.

Nilijua, mwanangu. Nilijua kabisa, ila niliona aibu mbele ya mama yangu. Wakamhudumia kama mtoto aliyekula kitu kibovu. Kisha misuli ya mashavu yake ikaanza kurukaruka. Muuguzi akainama, akamnusa shingoni.

"Kijana, umempaka nini?"

Hapo ndipo nikasema. Wakamvua nguo, wakamwosha kwa sabuni tena na tena, daktari akamchoma sindano baada ya sindano. Siku ya tatu aliomba uji.

Muuguzi akaniita nje. Nilitegemea matusi, hakunitukana.

"Dawa ile inamuua kupe kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu," alisema. "Naserian anayo mishipa ya fahamu. Hata wewe unayo. Tena huyu ni mdogo, ngozi yake ilikuwa wazi, na wewe ukazidisha. Ulipoona mbuzi wamepona, ulijua habari za mbuzi tu. Na ulipokuwa unaona aibu, sumu ilikuwa inaendelea kuingia."

Mama hakunikemea. Lakini kwa miezi mingi hakuniachia mtoto yule hata kwa dakika moja, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Kwa hiyo nakuomba. Usome karatasi ya kila chupa, na usipoelewa uulize: hii inamfanya nini mtu, kwa kiasi gani, inaingilia wapi? Sumu haipiti mdomoni tu. Hupita kwenye ngozi, hupita kwenye pumzi. Mwenzako akikuambia amepuliza miaka mingi bila glavu na hajaanguka, usimfuate. Oga kabla hujala na kabla hujamshika mtoto. Na likitokea la kutokea, taja dawa kwanza, peleka na chupa yake. Aibu utaishughulikia baadaye.

Nenda sasa. Mungu akutangulie shambani, akurudishe na mwili mzima, akuzeeshe mpaka vichwa vya wajukuu viiname mbele yako kukuamkia.