Leso Yangu na Picha ya Bomba

Mimi nafagia kiwanda cha majani chai huku Kimulot, na hata leo nina hasira. Bomba la boila lilichomelewa, fundi Otieno akaja kulipiga eksirei tujue kama limeshika. Bila boila, majani yetu yangeharibika. Akafunga filamu kwenye bomba, akaenda kuleta mashine. Nikagusa: bado moto! Picha si itaungua? Nikakunja leso yangu, nikaipenyeza kati ya filamu na bomba. Tukatolewa nje, akapiga. Tuliporudi nikawahi kuichomoa leso, nikajifunga kiunoni.

Picha ikatoka na ukungu.

“Kijana, umesoma bure!” nikamfokea mbele ya watu. “Majani yanaoza, wewe unapiga picha ya moshi! Na ufunguo wangu wa stoo, ule wa jino lililovunjika, umepotea tangu uje!”

“Kogo,” akanijibu, kama anayemwita bibi yake, “filamu lazima ibanwe kwenye bomba. Kilicho mbali nayo hufifia, kinachoigusa ndicho huonekana wazi.”

“Usinifundishe!”

Akainua filamu dirishani. Bomba lilikuwa ukungu mtupu. Kando yake, wazi kabisa, kulikuwa na ufunguo wenye jino lililovunjika.

Watu wote wakageuka kutazama fundo dogo kwenye pindo la leso kiunoni mwangu.