Barafu Iliyompumzisha Asani

Lori la pamba lilimshusha Grégoire pale Lusangi, kwa kuwa daraja la mbele lilikuwa limechukuliwa na maji, naye akaifuata njia ya Kabambare kwa miguu. Magoti yalimuuma. Aliporudi Kasongo kutoka baharini, mama yake alimsihi apumzike kwanza, ale, mwili umrudie, ndipo aende. Alipumzika, alikula, na hakupata nafuu yoyote. Kwa wazazi wa rafiki yake Asani kulikuwa na maneno ya kupeleka, na maneno yale yalimchosha kuliko makaa yote aliyoyapakia.

Yeye na Asani walianza pamoja Kindu, wakisukuma kuni katika jiko la meli ya mtoni. Asani alikuwa Mwislamu wa Kabambare, mcheshi, asiyekosa sala. Grégoire alikuwa Mkristo wa Kasongo, mwenye rozari shingoni. Walichokozana mchana kutwa na kula sahani moja. Kutoka Kindu wakafika Léo, mji mkuu, kisha Matadi kwenye bandari, na Matadi wakaandikwa kazi katika meli kubwa za makaa. Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya Hitila. Ndipo meli yao ikatumwa kaskazini kabisa, kwenda kuchukua mawe meupe ya viwandani katika nchi iitwayo Grinilandi.

Mzee Bulaimu, baba yake Asani, alikuwa ameketi barazani akipukuchua karanga. Mkewe alikuwa akigeuza mihogo juani. Habari ya kifo walikuwa nayo tayari: polisi wa teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, aliileta, neno moja tu, akaondoka. Matanga walikwisha kuyakaa, matanga yasiyo na kaburi.

“Wewe njo Grégoire?” Mama Asani aliuliza, akiitazama rozari ambayo barua za mwanawe ziliitaja, kabla mgeni hajabisha hodi.

“Ndiyo, njo mimi, mama.”

Akamletea maji ya kunywa na kigoda, akangoja amalize kunywa. Kisha akaketi chini mbele yake, miguu kaikunja.

“Walituambia tu mutoto amekufa mu maji. Sasa utueleze yote. Usinifiche kitu.”

Grégoire akaeleza. Dhoruba iliwakuta wakiwa bado mbali na nchi kavu. Kule chini kwenye majiko, sakafu ilikuwa ikiinuka hata inakuwa ukuta, halafu inaanguka. Asani alikuwa na koleo lililojaa makaa wimbi lilipoilaza meli ubavu. Likamrusha kwenye chuma cha mlango wa jiko, mbavu zikavunjika. Walimbeba hadi kitandani wakamfunga kwa mikanda asianguke. Daktari hakuwapo. Kila wimbi lilimnyanyua na kumbwaga, kila wimbi, na kila alipobwagwa aliuma shuka ili asipige kelele.

Mama Asani alifumba macho. Mzee Bulaimu aliacha karanga zake.

“Endelea,” mzee akasema.

Hatimaye Grégoire, aliyekuwa amepanda juu kuvuta pumzi, aliona mstari mweupe mbele yao. Kapiteni alikuwa akiielekeza meli hukohuko. Grégoire alidhani mzungu amechoka kuishi. Lakini ule mstari ulikuwa barafu, na kapiteni alikuwa akitafuta mahali pa kujificha na mawimbi.

“Barafu ni kitu gani?” mama akauliza.

Grégoire akatafuta mfano. “Mama, unajua mvua ya mawe?”

“Najua.”

“Basi, mawe ile, lakini kila moja pana kama kiwanja ya nyumba hii, inaelea juu ya maji. Mengi, mengi, hata jicho halioni mwisho.”

Pembezoni, akasema, ilikuwa hatari. Bahari ilikuwa ikivirusha vipande na kuvigonganisha, vikaipiga meli kama mapipa. Kisha wakapenya ndani kidogo, na yale mawimbi mafupi, yenye hasira, yanayopasuka kwa povu, yakafa. Yakabaki mawimbi marefu tu: nchi yote nyeupe ilikuwa ikiinuka polepole na kushuka polepole. Walipozidi kuingia, hata hayo yakafifia, mpaka bakuli likawekwa mezani lisimwagike. Na upepo ulikuwa haujapungua hata kidogo; kamba za juu zilikuwa zikilia vilevile.

“Upepo unapiga, na maji inatulia?” Mzee Bulaimu akatikisa kichwa. “Hiyo nashindwa.”

“Hata mimi nilishindwa, baba. Nikamuuliza musaidizi wa kapiteni.”

Msaidizi yule alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile alijibu. Alisema upepo hauyapati maji vizuri pale yalipofunikwa. Na wimbi linalotoka nje, likifika, halina budi kuinua kila kipande kilichomo njiani. Vipande vinasuguana, vingine vinapinda na kupasuka, vingine vinalitawanya huku na huku, na kila kimoja kinakula kidogo cha nguvu zake. Wimbi fupi linaisha upesi. Lililo refu linakwenda mbali zaidi, lakini nalo linachoka.

“Wimbi linachoka?”

“Linachoka, baba. Sawa mutu mwenye kukimbia, akiingia mu soko siku watu wamejaa. Anasukumana na huyu, anasukumana na yule, mwisho anatembea tu.”

Mama akauliza, taratibu: “Na mutoto wangu?”

Asani alifungua macho. Aliuliza kama wamefika bandarini. Grégoire akamwambia hapana, wako katikati ya barafu. Asani akasema, kitanda kimeacha kunipiga. Akafunguliwa mikanda. Akaomba chai, akainywa yote, akazungumza juu ya nyumbani, juu ya shamba la mpunga na shangazi yake aliyekuwa na ulimi mkali, akacheka kidogo akishika ubavu. Halafu akamwambia Grégoire: nikienda, unioshe, usikubali wanitupe kama mufuko. Akalala. Hakuamka.

“Alitetemeka?”

“Hapana, mama. Alikuwa sawa mutu amelala juu ya mukeka yake.”

Kapiteni alitaka maiti itupwe majini mara moja, lakini Grégoire alimwomba, naye akakubali kungoja maadamu wako mle ndani ya barafu. Grégoire akachukua maji ya moto ya boila, akamwosha rafiki yake kama alivyoona Waislamu wa Kasongo wakiosha watu wao, upande wa kulia kwanza. Akamvika shuka safi. Akauliza Maka iko upande gani, na yule msaidizi akamwonyesha kwa dira. Walisimama wima, bila kushika kamba wala ukuta, wakamshusha majini polepole, kati ya vipande, uso ukielekea kule. Huko nje ya barafu wasingeweza. Wangemsukuma tu, wakimbie.

“Dua sikujua,” Grégoire akasema, akitazama chini. “Nilisema ile yangu.”

Mzee Bulaimu aliinuka kwa shida, akajipangusa maganda ya karanga, akaenda kutawadha. Aliporudi aliwaita majirani wawili, wakapanga safu uani, wakamsalia Asani sala ya maiti asiyekuwapo. Grégoire alisimama nyuma yao, kofia mkononi. Walipomaliza, mzee alimjia akamshika mkono, akamketisha barazani.

Mama Asani akaweka ugali na sombe ya majani ya mihogo. Grégoire alimega tonge la kwanza, akasinzia nalo mkononi. Walimlaza ndani, hakuna aliyemwamsha.

Hakurudi tena baharini. Alilima pamba kwa sababu serikali ilitaka, na mpunga kwa sababu ya tumbo, na makohozi yake yalikuwa na makaa kwa miaka mingi. Baada ya mavuno alikuwa akienda Kabambare kwa wazee wale, nao wakimpokea. Kila mara alikuta mtu mpya ambaye Mama Asani amemwalika kusikiliza: shangazi, binamu, mara moja mwalimu wa Kurani. Naye Grégoire aliketi kwenye kigoda, akavuta pumzi, akaanza upya na mvua ya mawe.