Nyumba ya Bibi Ndani ya Gemu

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shangazi alipita kwanza nyumbani kwa mama yake. Aliwasha kompyuta ya kazini, akasubiri izinduke, kisha akaingia kwa mlango wa nyuma, ule unaokwaruza sakafu, akapita jikoni, akazunguka chumba cha kushonea, halafu akasimama sebuleni mbele ya kiti. Hapo alikiangalia kidogo. Akimaliza ndipo aliponiambia, "Haya, mimina."

Nyumba yenyewe haipo. Bibi alipofariki, baba yangu na kaka zake wawili waliiuza, aliyenunua akaivunja, na sasa pale pamesimama ghala la mabomba. Shangazi hakuulizwa. Alikuwa mtoto wa mwisho, tena wa kike, na siku ya kutia sahihi walimwambia abaki nyumbani aangalie wageni. Mpaka leo akiongea na baba kwenye simu huanza na hali ya hewa na kuishia hapo hapo.

Kazi yake ilikuwa kuchora gemu. Zamani alichora vibao vya maduka, mpaka kijana mmoja alipouona mkono wake akamwita ofisini kwake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya kinyozi, na yule kijana tulimwita Mkurugenzi kwa utani, maana alikuwa anaongoza mtu mmoja na birika. Mimi nilikuwa naishi kwa shangazi, nikawa najaribu gemu kwenye simu yangu. Mkurugenzi alisema ikikubali kwenye simu yangu itakubali hata kwenye pasi.

Gemu inamhusu kijana anayemtafuta ndugu yake baada ya mafuriko, na njiani anaandamana na mtoto wa kike anayeitwa Mwenzi. Katikati ya safari wanajificha mvua kwenye nyumba iliyohamwa. Mkurugenzi alimwambia shangazi achore nyumba yoyote. Yeye akachora ile. Alichora miezi mitano. Mtu mwingine angeona ukuta tu, lakini mimi nililijua lile doa jeusi la mviringo juu ya kiti. Bibi alikuwa mshonaji, akichoka anarudisha kichwa nyuma anaegemea ukuta, na mafuta ya nywele yakaacha alama. Ukuta ulipakwa rangi mara ngapi sijui, na doa lilirudi kila mara. Shangazi alilipata sawasawa, mpaka ule wekundu wa pembeni.

Kwa hiyo nyumba ya bibi ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni humo.

Tatizo lilikuwa Mwenzi. Shangazi alimchora naye, nywele moja moja, akatoka mzuri kama mdoli wa dirishani. Lakini alitembea kama jokofu linalohamishwa. Kinyozi wa chini, ambaye alikuwa mjaribuji wetu wa kwanza akikosa wateja, alirudisha simu akasema, "Huyu mtoto anakwama kila mlango. Nimemwacha mtoni."

"Umemwacha mtoni?" Mkurugenzi akauliza.

"Sasa ningefanyaje? Hata hakunilaumu."

Mkurugenzi alilifikiria neno hilo siku mbili, kisha akamleta dada mmoja ambaye alikuwa akilea watoto wa watu kabla ya kujifunza kompyuta. Tukamwita Mlezi. Hakujua kuchora hata yai. Alibadilisha vitu vidogo vidogo tu. Ukimwacha Mwenzi nyuma, anasimama, anakuangalia unavyoondoka, na ukigeuka anajifanya alikuwa anatazama ndege. Ukisimama sana anachuchumaa anachora vumbini kwa kidole. Ukijigonga ukutani anaziba mdomo asicheke. Kinyozi alipojaribu tena alijigonga ukutani mara sita makusudi.

"Huyu sasa ni mtu," akasema. "Huyu nani aliyemtengeneza?"

"Mlezi," Mkurugenzi akajibu.

Shangazi alikuwa pale pale, kalamu mkononi. Jioni, tukimenya viazi, ndipo ilipotoka.

"Nani aliyemtengeneza, Mlezi. Nywele ni zangu, macho yangu, gauni langu, mpaka makovu ya magoti ni yangu. Yeye kamchuchumaza tu. Kuchuchumaa ni kazi?"

"Lakini shangazi, anachekesha."

"Nimekuuliza?"

Tangu hapo nikawa naona. Mkurugenzi alikuwa akichemsha chai, kikombe cha Mlezi anatia sukari bila kuuliza, cha shangazi anauliza kila siku. Ni kitu kidogo, labda kwa sababu shangazi mwenyewe alikuwa akibadilisha, leo kijiko kimoja kesho viwili. Lakini alikihesabu. Alihesabu pia mara ngapi jina la Mlezi linatajwa kabla ya mchana. Mlezi akicheka, shangazi anaongeza sauti ya redio. Mlezi akimsifu, "Dada, huu ukuta unaweza kuugusa," anajibu, "Ukutani watu hawaangalii siku hizi," huku anamwangalia kwa jicho la pembeni aone kama neno limemchoma. Halikumchoma. Mlezi alikuwa mtu wa hivyo, amezoea kutemewa uji na watoto, na hilo nalo lilimkera shangazi.

Kisha ikaja habari ya uzito. Simu za watu wengi ni kama yangu, ukifungua vitu viwili inapata moto. Gemu ikizidi kiasi fulani haiingii, na kila kitendo kipya cha Mwenzi kilikuwa kinaongeza uzito. Mkurugenzi alibandika karatasi ukutani, imeandikwa kimoja kikiingia kingine kitoke. Siku moja alipiga mstari kwenye karatasi hiyo akageuka.

"Dada, naomba tuongee kuhusu nyumba."

"Ina nini?"

"Vyumba sita ni vingi. Tubaki na sebule. Na zile kuta tuzirahisishe, ziwe rangi moja."

Shangazi aliweka kalamu chini taratibu sana. "Kata nywele za mtoto."

"Nywele watu wanaziona."

"Na nyumba?"

"Tuwaulize," Mkurugenzi akasema. "Tukiona watu wanaiangalia, sigusi tofali."

Wakaletwa watu watano, kinyozi akiwa mmojawapo. Nilisimama nyuma yao pamoja na shangazi. Mwenzi alikuwa amepewa kitu kipya, anaogopa radi, kwa hiyo wakifika kwenye nyumba anakimbia ndani na wao wanamkimbilia. Sebule waliipita kama watu wanaokimbilia basi. Mmoja alisimama jikoni, nikaona shangazi anavuta pumzi, kumbe anapangusa kioo cha simu.

"Mmeionaje nyumba?" Mkurugenzi akawauliza.

"Nyumba?" kinyozi akasema. "Nyumba ipi?"

Shangazi alienda dirishani akatupa kisogo. Mkurugenzi, kwa huruma, akasema atakata wiki ijayo, siyo leo.

Ile wiki Mlezi alikuwa akifika mapema. Asubuhi moja alimkuta shangazi yuko ndani ya nyumba, amesimama mbele ya kiti. Alivuta kiti chake, akakaa, akasubiri. Alijua kusubiri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, hili doa la nini?"

Sijui shangazi alipatwa na nini. Labda uchovu. Mimi mwenyewe hakuwahi kunieleza vile. Alimweleza bibi alivyokuwa akiegemea pale, uzi mdomoni, macho amefumba, na watoto wanakaa sakafuni chini yake. Kaka zake watatu walikaa upande wa kulia, wanasukumana. Upande wa kushoto, penye mguu wa kiti, palikuwa pake peke yake. Alikuwa akiegemeza shavu kwenye mguu wa kiti, na bibi bila kuangalia anashusha mkono anaugusa utosi wake.

"Pale kushoto," Mlezi akasema.

"Pale. Hakuna aliyethubutu kukaa."

Mlezi akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo hakuna redio iliyoongezwa sauti, nikadhani yamekwisha.

Ijumaa wale watu watano wakarudi. Mkurugenzi alikuwa na uso wa mtu anayeficha zawadi. Kinyozi akaingia kwenye nyumba na mvua yake na radi yake, Mwenzi akakimbia mbele. Safari hii hakujificha chumbani. Alifika sebuleni akapunguza mwendo. Alikiangalia kile kiti kitupu. Kisha akakaa sakafuni, upande wa kushoto, akaegemeza shavu kwenye mguu wa kiti, akanyoosha kidole kuelekea doa. Maandishi yakatokea chini: *Mama alikuwa anaegemea pale.*

Kinyozi alitulia. Mwenzi akapigapiga sakafu upande wa kulia, ndiyo kusema njoo ukae. Kinyozi akabonyeza, kijana wake akakaa. Mvua ikaendelea. Hakuna kilichotokea kingine, lakini kinyozi alilitoa taulo lake begani akajifuta uso, akasema jasho.

Walipoinuka kinyozi hakukimbia. Alirudi jikoni. Akaingia chumba cha kushonea, akafungua kila mlango, akaangalia kila ufa. Wote watano walifanya hivyo. Mmoja aliniuliza kama ile cherehani ilikuwa ya mama yake Mwenzi.

Mkurugenzi akaikwanyua ile karatasi ukutani. "Hakatwi mtu. Vyumba vyote sita vinabaki. Nitapunguza mto na madaraja, nani anajali madaraja. Dada, umeona? Nyumba imeokoka."

"Nyumba ya nani?" shangazi akauliza.

"Si nyumba ya Mwenzi?" kinyozi akadakia, bado ana pua nyekundu.

Mlezi alikuwa ameshauona uso wa shangazi. Akamsogelea. "Dada, nilifanya ili isikatwe. Nilitaka nikuulize, nikaogopa utakataa."

"Bora ungeogopa zaidi."

"Watu sasa wanaiangalia. Wanalia ndani yake."

"Wanamlilia yeye," shangazi akasema. "Mama yangu alizaa watoto wanne. Leo kwenye nyumba yake kaingia wa tano, siku moja tu, na huyo ndiye mwenye msiba."

Mkurugenzi akakuna kichwa. "Tukimwondoa pale, watu watarudi kukimbia. Na wakikimbia, mimi sina sababu ya kuubeba ule uzito. Ukitaka nimwondoe, nitamwondoa, ni kazi ya dakika kumi. Lakini unajua na vyumba vitaondoka. Sema wewe."

Shangazi aliichukua simu yangu mkononi mwangu, akakaa kwenye stuli, akaanza ile hatua ya nyumba. Hakuwahi kupita mle pamoja na Mwenzi. Mvua, radi, mlango. Mwenzi akapita, yeye nyuma. Lakini alipofika sebuleni aliongeza mwendo, akampita, akaenda kusimama pale kushoto kabla mtoto hajafika.

Mwenzi akasimama. Akamwangalia. Akazunguka kiti kwa adabu, akajipenyeza kati yake na mguu wa kiti, akakaa. Ndivyo alivyotengenezwa, hana pengine pa kukaa.

Shangazi akamsukuma. Mwenzi akasogea kidogo, akarudi. Akasukumwa tena, akaziba mdomo asicheke, maana alidhani ni mchezo. Kisha akapigapiga sakafu upande wa kulia.

"Bonyeza tu ukae, shangazi," nikamwambia. "Usipokaa haiendelei."

"Kulia ndiko walikokaa kaka zangu."

"Najua."

"Hujui."

Alibaki hivyo muda mrefu, kidole juu ya kioo. Mwenzi alipiga sakafu, akangoja, akapiga tena. Angeweza kupiga mpaka betri iishe, hachoki, hakasiriki. Mlezi alikuwa ameanza kulia bila sauti. Mkurugenzi alishika kipanya, anasubiri neno.

"Dada, nimwondoe?"

Shangazi aliangalia zile kuta moja moja, nadhani alivipita vyumba vyote sita kichwani.

"Mwacheni," akasema.

Alinirudishia simu. Alivaa viatu vyake, kwa sababu kazini alikuwa akivua, akafunga kamba vizuri, mafundo mawili. Kalamu zake hakuzigusa. Mlangoni Mlezi alimshika mkono, yeye akautoa kidole kimoja kimoja, bila nguvu, kama unavyomtoa mtoto aliyelala.

Nikaenda dirishani. Nilimwona akitokea chini, akapita mbele ya wateja wa kinyozi waliokuwa kwenye benchi, akavuka barabara, akasimama katikati kupisha lori la mchanga, kisha akaendelea.

"Hasira zikishuka atarudi," Mkurugenzi akasema.

Hakurudi ofisini, siku ile wala nyingine.